Sura ya Sita: Unalalia Upande Gani

Wageni mia tisa na arobaini walikuwa wameingia kwenye tovuti ya Mama Mito tangu Jumatatu, na mpaka Jumatano saa nne asubuhi hakuna hata mmoja aliyenunua mto.

Niliitazama ile namba kwenye kompyuta yangu bila kupepesa. Nilikuwa nimeshajivunia mara mbili, Jumatatu kwa Pamba na Jumanne kwa mama yake, na sasa niliomba tu kimoyomoyo asitokee mtu wa kuniuliza. Upande wa pili wa meza, Mama Mito alikuwa akikata kitambaa cha foronya, miwani ikiwa imeshuka hadi puani. Nyuma yake, wifi yake, ambaye sote tulimwita Shangazi, alikuwa akishona zipu kwenye cherehani. Pamba alikuwa mlangoni kwa nyuma akifungua robota la pamba, nywele na kope zake zimejaa weupe. Ndivyo alivyolipata jina lake. Tangu nimfahamu, sijamsikia mtu akimwita jingine.

Nilimpata Pamba kupitia kazi, au yeye ndiye aliyenipata. Nilikuwa natengeneza matangazo ya mtandaoni ya duka moja la mapazia, kazi niliyojifunza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kusoma na kukosea. Yeye alikuja kuleta mito ya makochi, akasimama nyuma ya kiti changu akauliza ninafanya nini. Nikamweleza kwamba mtu akiandika mtandaoni kitu anachokitafuta, tangazo letu linatokea juu ya majibu. Akilibofya, anaingia kwetu, na sisi tunalipia kule kubofya kwake. Alitikisa kichwa, akaondoka. Kesho yake akarudi na swali jingine. Kesho kutwa akarudi tena, safari hiyo hana mto wala swali. Akaanza kuniita Bofya. Huo ni mwezi wa tano sasa.

Wiki tatu zilizopita alinileta kwenye karakana ya mama yake ili niwatafutie wateja. Na siku hiyo hiyo, bila kushauriana nami, alimwambia mama yake kwamba anataka kunioa.

Kuna jambo moja lazima nilieleze kuhusu Mama Mito. Hakuna mtu aliyeingia kwenye karakana ile akatoka bila kuulizwa swali moja: unalalia upande gani? Aliwauliza wateja. Alimuuliza mleta barua. Alimuuliza fundi wa umeme akiwa bado juu ya ngazi na waya mkononi. Alisema hawezi kuujaza mto bila kujua shingo itaulalia vipi. Anayelala chali alimwekea kidogo, anayelala ubavu alimwekea zaidi ili bega lipate nafasi. Alijaza kwa mkono, akapima kwa mizani, kisha akaubonyeza mto kwa kiwiko na kusikiliza, kana kwamba utamjibu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza yake wiki tatu, na alikuwa hajaniuliza.

"Wageni wetu wamefika wangapi leo?" Shangazi aliuliza bila kugeuka.

Nikamtajia.

"Mia tisa na arobaini," akarudia taratibu. "Na mlangoni hakuna kiatu hata kimoja."

Mama Mito aliweka mkasi mezani. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Akikasirika, alizidi kuwa mpole, na hapo ndipo watu walipoogopa.

"Binti," alisema, "mwanangu ameniambia mambo mawili juu yako. La kwanza, kwamba unaleta watu. La pili unalijua mwenyewe." Akanitazama juu ya miwani. "Mimi sikuhukumu. Lakini mtu akinionyesha umati ambao haupo, kesho atamwonyesha mwanangu nyumba ambayo haipo. La kwanza likiwa hewa, la pili nalo nitalipima kwa mizani hiyo hiyo. Jumamosi jioni nitajua."

Nilimtazama Pamba. Alikuwa ameinama juu ya robota, akifungua fundo ambalo nilijua lilikuwa limeshafunguka.

Nilichukua kompyuta yangu, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Nyuma ya karakana kulikuwa na ngazi tatu za saruji na uchochoro mwembamba ambapo majirani walianika nguo. Nilikaa ngazi ya chini kabisa. Baada ya muda nikasikia hatua zake. Hakukaa karibu yangu. Alikaa ngazi ya juu, na kwa dakika nzima tulitazama shati la mtu likipepea.

"Ungeweza kusema neno moja," nilimwambia.

"Neno gani?"

"Lolote. Hata 'Mama' peke yake lingenitosha."

Alijipangusa usoni, weupe ukahamia mkononi. "Ningesema nini, Bofya? Namba nimeiona. Wateja sijawaona. Ningekutetea kwa kitu nisichokielewa, Mama angejua kabla sijamaliza kusema. Nieleweshe mimi kwanza."

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Nilikuwa hata na maneno tayari, mazuri, ya kuuma. Lakini alikuwa ananitazama vile anavyotazama mizani ya mama yake, kwa utulivu wa mtu anayesubiri mshale usimame ndipo aseme kitu. Hasira ikanishinda kuishika. Nikafungua kompyuta.

"Kuna ripoti sijaifungua," nilikiri. "Inaonyesha kila mtu aliandika nini kabla ya kubofya. Ilitakiwa niifungue Jumatatu, kabla ya kitu kingine chochote. Nilifurahia kuona mstari unapanda, sikuuliza ni nani anayeupandisha."

Alishuka ngazi moja. Bega lake likawa karibu na sikio langu.

"Isome," nikamwambia. Sikuwa na ujasiri wa kuisoma mwenyewe.

Akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mistari. "Mto mrefu. Mto mrefu kuliko yote. Hii imeandikwa mara nyingi. Sehemu za mto. Faida za mto." Akarudi mstari mmoja nyuma. "Faida za mto hata Mama angeuliza."

"Endelea."

"Chanzo cha mto. Mto wenye mamba wengi." Kidole kikasimama. "Bofya, nani anataka mto wenye mamba?"

Ndipo nilipoelewa. Nilielewa mara moja kwa mwili mzima, kama mtu anayekumbuka njiani kwamba ameacha jiko linawaka. Niliufunika uso kwa mikono.

"Ni wanafunzi," nilisema ndani ya viganja. "Ni kazi za shule. Wanatafuta mto wa maji, tangazo letu linawatokea juu kabisa, wanabofya, wanakuta picha za foronya."

Wiki tatu zile nilikuwa nimeamka na mito, nimeshinda na mito, nimekaa mezani na mtu ninayempenda katikati ya mito. Nilipoandika lile neno kwenye tangazo, niliona kitu kimoja tu, cheupe na laini. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba maji nayo yana mto.

Nilisikia ngazi ikitetemeka kidogo. Nikatoa mikono usoni. Pamba alikuwa anacheka bila sauti, machozi yakichora njia mbili safi kwenye mashavu yake yenye weupe. Alijaribu kuacha, akaitazama skrini, akasoma tena kwa shida, "Mto uliofurika," na hapo na mimi nikashindwa. Tulicheka mpaka jirani akachungulia dirishani kuona kuna nini.

Kilipokwisha kicheko, mkono wake ulikuwa juu ya wangu, na hakuna kati yetu aliyejua ulifika saa ngapi.

"Inarekebishika?" aliuliza.

"Leo hii. Naondoa lile neno likiwa peke yake, naweka orodha ya maneno ya kufukuza. Mtu akiandika mamba, tangazo letu lisimtokee."

"Basi rekebisha kimya kimya. Mama hana haja ya kujua habari za mamba. Jumamosi ataona wateja, yataisha."

Nilifikiri. Lilikuwa wazo zuri kwa njia yake, na alilitoa kwa kunihurumia. Lakini nilikumbuka maneno ya mama yake juu ya umati ambao haupo. Umati ulikuwepo. Nilichokosea ni kuuita wa kwetu.

"Nikimficha hili," nilimwambia, "nitakuwa mtu yule ambaye mama yako alimsema."

Nikanyanyuka kabla ujasiri haujanitoka.

Mama Mito alisikiliza akiwa amesimama. Nilimweleza kwa utaratibu, bila kujitetea: neno lina maana mbili, mimi niliona moja, wale mia tisa karibu wote walitaka mto wa maji, wengine na mamba wake, na kosa ni langu mimi mwenyewe. Cherehani ya Shangazi ilisimama. Kisha Shangazi akalaza paji la uso juu ya kitambaa na kuanza kucheka taratibu, akisema tu, "Mamba, wifi, mamba," mpaka akavua miwani.

Mama Mito hakucheka.

"Nani amekulazimisha kuniambia?"

"Hakuna, Mama."

"Mimi nilimwambia asiseme," alisema Pamba nyuma yangu. Alikuwa mlangoni, wima, robota limesahaulika. "Amekataa. Na kazi yake sasa naielewa, Mama. Ukitaka nikueleze, nitakueleza."

Mama yake alimtazama muda mrefu kidogo. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya kompyuta yangu kwa mara ya kwanza tangu nianze kuileta pale.

"Haya. Kama 'mto' halifai, utaandika nini?"

Swali hilo nilikuwa nimelibeba tangu kwenye ngazi. Nikamuuliza na mimi: watu wakiingia kwa mlango ule, husema nini kwanza?

Alianza kusema kwamba husema wanataka mto, halafu akasita. Mkono wake ukapanda wenyewe nyuma ya shingo. "Hapana," akasema. "Hushika hapa kwanza. Husema, mama, naamka shingo imekaza."

Nikaandika: naamka shingo imekaza.

"Wengine husema, nikilala ubavu mkono unakufa ganzi."

Nikaandika. Akaendelea, na kadiri alivyoendelea alizidi kuwa wao. Alikuwa mwanamke ambaye mumewe anakoroma mpaka paka anahama chumba. Alikuwa mjamzito asiyejua aliweke wapi tumbo. Alikuwa mzee anayelala ameketi kwa sababu akilala chali pumzi inambana. Miaka ishirini na sita ya watu waliokosa usingizi ilikuwa kichwani mwake, neno kwa neno, na hakuna aliyewahi kumwomba aiseme. Pamba aliacha kujifanya ana kazi. Mimi nilichapa mpaka vidole vikauma. Hayo ndiyo maneno ambayo watu huyaandika wakiwa peke yao na simu zao, na hakuna kitabu wala somo la mtandaoni lililowahi kunipa.

Kisha tukaandika orodha ya pili, ya kufukuza, na hiyo Shangazi akaidai iwe yake. Mamba, samaki, mafuriko, daraja, chanzo, ramani. Aliyataja kama mtu anayefukuza kuku uani. Tulipofika kwenye "mrefu", Mama Mito aliweka kiganja juu ya meza.

"Hilo liache."

Pamba ndiye aliyenieleza, polepole, mama yake akiwa anatazama dirisha. Mto mrefu ndio aliouanzia kazi, ule wa kitanda cha watu wawili, unaotoka ukingo mmoja hadi mwingine. Wa kwanza aliushonea kitanda chake mwenyewe, baba yake Pamba akiwa hai. Siku hizi watu hununua miwili midogo, kila mmoja na wake.

Nilijaribu kumwokolea lile neno. Nilitafuta njia ya kufukuza "mrefu kuliko" peke yake, lakini ripoti ilikuwa wazi: wengi wao waliandika "mto mrefu" tu, wakaishia hapo. Nilimwonyesha. Sikumshauri lolote, nilimwonyesha tu mistari.

Alisoma mwenyewe, midomo ikicheza. "Wafukuze," alisema mwisho, na akarudi kwenye mkasi wake.

Alhamisi wageni walikuwa thelathini na mmoja.

Shangazi aliisikia namba akasema sasa hata wale wa maji wametukimbia. Alisema kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko mzaha. Ijumaa walikuwa ishirini na wanane. Nilikuwa najua, kwa akili, kwamba thelathini wenye shingo zilizokaza ni bora kuliko mia tisa wenye daftari za jiografia. Lakini akili haikunisaidia kumeza chakula. Pamba alinisindikiza kituoni jioni ile bila kunipa maneno ya kunituliza, na nilishukuru. Tulipofika, aliutoa uzi mweupe kwenye bega langu, akautazama, akautia mfukoni mwake.

"Kesho nitakuwepo mbele, siyo kwenye marobota," alisema.

Jumamosi asubuhi mlango ulibaki umefungwa. Saa tatu. Saa nne. Mama Mito alikata, Shangazi alishona, Pamba alifagia sehemu ambayo alishaifagia. Hakuna aliyeniuliza namba, na mimi sikuifungua.

Saa tano kasoro mlango ulifunguka, mwanamke mmoja akasimama kizingitini. Mkono wa kulia ulishika simu. Wa kushoto ulikuwa nyuma ya shingo.

"Samahani," alisema, akisoma kwenye simu. "Ni hapa kwa watu wa 'naamka shingo imekaza'?"

Yalikuwa maneno ya Mama Mito mwenyewe, yametoka mdomoni mwake Jumatano, yamezunguka mji mzima, sasa yanarudi kwake kwa miguu. Mama Mito alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Hakunitazama. Alimwendea yule mwanamke, akamshika bega.

"Ni hapa, mwanangu. Karibu. Unalalia upande gani?"

Mchana alikuja mwanamume mwenye mkono unaokufa ganzi. Baada yake mtu na mama yake mzee, anayelala ameketi, wametoka ng'ambo ya mji. Simu ikaanza kulia. Pamba aliipokea mara sita, na mara ya sita nilimsikia akimweleza mtu jinsi tangazo linavyofanya kazi, kwa maneno yangu mwenyewe, kwa fahari ambayo hakuificha. Mpaka saa kumi kulikuwa na jozi nne za viatu mlangoni. Shangazi alinyanyuka kwenye cherehani kwa makusudi, akaenda kuzihesabu, akarudi kukaa.

"Hakuna mamba," alitangaza.

Walipoondoka wote, jua lilikuwa limeingia kwa dirisha la pili na vumbi la pamba lilielea ndani yake. Nilianza kufunga kompyuta. Moyo ulikuwa umetulia, karibu wote. Kazi yangu ilikuwa imesimama kwa miguu yake na Jumamosi ilikuwa imefika jioni. Lakini Mama Mito alikuwa hajasema neno, na mimi sikutaka kuonekana nasubiri.

Alifungua kabati la nyuma, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa, akakitandaza juu ya meza. Kiliifunika yote na kuning'inia pande mbili. Hakuna aliyeagiza kitu cha urefu ule.

"Lile neno umelifukuza," aliniambia, akipitisha kiganja kulainisha mikunjo. "Kwa hiyo mtandaoni hakuna atakayenikuta nalo."

"Ndiyo, Mama. Samahani."

"Usiombe samahani. Kisichotafutwa hakiuzwi, nampa ninayemtaka." Akachukua mkasi. Hakukata. Alinitazama juu ya miwani, vile alivyomtazama mleta barua, fundi wa umeme na kila mgongo uliochoka uliopita mlango ule.

"Binti. Wewe unalalia upande gani?"

Upande wa pili wa chumba, ufagio wa Pamba ulisimama.

"Kushoto, Mama."

"Na huyu wangu analalia kulia tangu mchanga." Aliinama, akaweka alama ya chaki katikati kabisa ya kitambaa, kisha akakata ukingoni, kitambaa kikabaki kimoja. "Basi mtakuwa mnatazamana."